Maji ya Chupa Pia

Mgahawa ule ulikuwa na menyu mbili, na kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo kama anavyoijua njia ya chooni. Menyu ya kijani, iliyochakaa pembeni, ilikuwa ya wenyeji. Menyu nyekundu ilikuwa ya watalii, watu wa kofia pana na kamera shingoni. Ndani yake nusu kuku yuleyule, aliyechomwa na mpishi yuleyule mwenye kisirani, alipanda kutoka elfu nne hadi elfu kumi na moja. Za kijani zilikaa chini ya kaunta upande wa kushoto, nyekundu upande wa kulia. Mhudumu alitakiwa kumpima mtu tangu mlangoni: viatu vyake, ngozi yake, namna anavyotafuta pa kukaa. Baada ya mwezi mmoja kazini, mkono wenyewe ulijua uende upande gani.

Na juu ya yote kulikuwa na sheria moja: meza moja, menyu moja. Mwenyeji akija na mtalii, basi siku hiyo naye ni mtalii, alipe nyekundu au anyanyuke.

Jumamosi mchana, mhudumu wa meza za dirishani aliivunja sheria hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, sita kati ya hiyo ameimalizia pale pale, na hakuwahi kukosea. Lakini siku hiyo mwenzake alipiga simu kwamba anaumwa, meza zote tisa zilijaa, na nyayo zake zilikuwa zinawaka moto. Mama mmoja mtalii alikuwa ameketi peke yake na menyu nyekundu mbele yake. Baadaye kidogo akaingia mwenyeji wake, mwanamke wa mjini hapo hapo, akavuta kiti akasema, "Dada, naomba menyu." Mhudumu, jicho likiwa meza ya nne ambako mtoto alikuwa amemwaga juisi, akachomoa ya kijani akamkabidhi.

Alikumbuka alipofika mlango wa jikoni. Damu ilimwishia usoni. Alirudi karibu kukimbia, akakuta menyu mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu na yule mwenyeji ameziinamia, anazipiga picha kwa simu. Mtalii hakuonyesha hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama mikono yake, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu akasikia anasengenywa chumba cha pili.

"Huyu amelala kwangu jana," mwenyeji alisema, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. "Amekula kwangu. Nimemwambia njoo, kwetu watu wana utu. Sasa nimwambieje?"

"Samahani, dada. Ngoja nikuitie bosi."

"Sitaki bosi. Nataka wewe. Maji haya ya chupa, kwangu elfu moja, kwake elfu tatu. Nieleze tu, yake yametoka kisima gani?"

Mhudumu alisimama na trei mikononi. Meza za jirani zilikuwa zimenyamaza ili zisikie vizuri. Akayaondoa mezani yale maji ambayo hakuna aliyemwambia ayaondoe.

*

Mume wa mhudumu huyo alikuwa mchapaji. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: mashine moja ya kuchapa, mashine moja ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu kama mkono, na marundo ya karatasi yaliyofika dirishani. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya vyumba vya kupanga. Na kila kazi iliyotoka mikononi mwake, hata iwe ndogo namna gani, aliiwekea namba yake ya simu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Alijivunia jambo hilo. Alisema kazi isiyo na mwenyewe ni kazi ya wizi.

Menyu ya kijani haikuwa yake. Ilichapwa miaka mingi nyuma kwenye kiwanda kikubwa. Nyekundu ndiyo iliyokuwa yake.

Saa kumi jioni simu ilianza kulia. "Wewe ndiye mwenye bei za kuwaibia wageni?" mtu aliuliza, akakata. Mchapaji alidhani wamekosea namba. Wa pili alimtukana. Wa tatu alimtukania mama yake, aliyekuwa amekaa hatua tatu tu kutoka hapo akichambua mchele. Wa nne hakutukana. Alisema taratibu, "Tunalijua duka lako," na huyo ndiye aliyemfanya mchapaji ainuke akafunge mlango.

Mhudumu alimkuta gizani, madirisha yamefungwa na jua bado lipo. Alimwonyesha picha. Ilikuwa imeshapita kwenye simu za watu wasiohesabika: menyu mbili ubavu kwa ubavu, na mtu asiye na kazi alikuwa ameizungushia namba ya simu duara.

"Ni mimi," mke alisema. "Niliwapa zote mbili."

"Umefukuzwa?"

"Bosi hajasema kitu. Amenitazama tu. Kesho saa nne anatutaka sote wawili."

"Mimi naitiwa nini? Mimi nachapa, sipiki."

Simu ikalia tena. Hakuna aliyeigusa. Bibi, mama yake mchapaji, aliyatikisa mawe ya mchele kwenye kiganja.

"Zima hilo dude," alisema.

"Nikizima, wateja watanipataje?"

"Wateja gani? Hawa wanaonitukana mimi?"

Mtoto wao wa miaka tisa, waliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, jioni hiyo alinyamaza. Alikaa chini karibu na mlango akisikiliza watu wazima, na kila simu ilipolia aliitazama mikono ya baba yake.

*

Mwenye mgahawa aliwapokea vizuri mno, na hilo ndilo lililomtisha mhudumu kuliko yote. Aliwaandalia chai kwenye meza ya dirishani. Miaka sita mhudumu alikuwa hajawahi kukalia kiti cha pale, akakaa kwenye ukingo wake kama mtu anayesubiri kuinuliwa.

"Kunywa chai, binti yangu. Nawe kijana wangu, kunywa. Mambo haya hutokea." Alivuta miwani yake kutoka mfuko wa shati, akaivaa, akaitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Ofisi ya biashara wamenipigia, Jumapili hii hii. Kesho saa tatu. Wanataka kujua menyu ile nyekundu ni ya nani."

"Ni ya mgahawa, bosi," mhudumu alisema.

"Mgahawa una menyu moja. Ya kijani. Hiyo ndiyo niliyoipeleka nilipoomba leseni, na wanayo kwenye faili lao. Nyekundu mimi siijui. Ina namba ya simu chini. Namba ya nani?"

Mchapaji aliweka kikombe mezani. "Bosi, wewe ndiye uliyeniletea kazi ile. Nakala ishirini."

"Una risiti?"

Hakuwa nayo. Mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyesema siku ile, tuachane na mambo ya risiti, sisi si ni ndugu. Mchapaji, anayechapa vitabu vya risiti kwa mji mzima, alikuwa amefurahi kuitwa ndugu.

"Basi someni," mwenye mgahawa alisema, akaisukuma ile karatasi. Iliandikwa kwamba mhudumu na mume wake, kwa tamaa zao, walitengeneza menyu ya bandia, wakawauzia watalii kwa bei ya juu, na ile ziada wakaitia mfukoni bila mwenye mgahawa kujua. Chini kulikuwa na mistari miwili ya sahihi. "Mkisaini, nitakwenda nanyi huko kesho niwaombee. Itakuwa faini, na faini nitalipa mimi. Wewe, binti yangu, utakaa nyuma uoshe vyombo mpaka watu wasahau. Kazi utakuwa nayo."

"Na tusiposaini?" mchapaji aliuliza.

"Nitasema hayo hayo, ila sitawaombea. Mke mhudumu, mume mchapaji. Nani atauliza swali la pili? Hiyo si faini tena. Hiyo ni jela, wote wawili, na mtoto mtamwachia yule bibi." Alivua miwani, akairudisha mfukoni. "Nawapa mpaka kesho asubuhi. Chai inapoa."

Walitoka na karatasi ile imekunjwa ndani ya mkoba wa mke. Mbele ya duka lao mtu alikuwa amemwaga takataka mlangoni, na mchapaji alizifagia kwanza ndipo wakaweza kuingia.

*

Wokovu wao, kama ulikuwapo, ulikuwa kwenye ubishi wa mchapaji mwenyewe. Tangu siku alipokosea jina la bwana harusi kwenye kadi mia tatu, akazilipa zote kwa jasho lake, hakuwahi tena kuchapa kitu bila sampuli. Kwa kila kazi alichapa kwanza nakala moja, mteja akaisahihisha kwa kalamu, akaandika chini "Sawa, chapa" na sahihi yake. Hapo ndipo mashine ilipowashwa. Hata mama yake mzazi angetaka kadi, angesaini kwanza.

"Sampuli ya nyekundu," alisema mara tu mlango ulipofungwa. "Alisahihisha kwa mkono wake. Bei zote alizipandisha yeye kwa kalamu nyekundu."

"Iko wapi?"

Swali lilikuwa hilo. Nyumba ile haikutupa karatasi. Karatasi zilizokwisha kazi ziliwashia moto, zilifungia vitu, zilizibia kioo kilichopasuka. Walishusha marundo moja baada ya jingine. Walipekua maboksi ya miaka mitatu, kadi za ndoa zilizokwisha kuvunjika, matangazo ya nyumba zilizokwisha kuuzwa. Kufikia alasiri mikono ilikuwa myeusi kwa vumbi, na mchapaji alikuwa anaongea peke yake.

"Hiyo yenye wino mwekundu mwingi?" bibi aliuliza kutoka jikoni.

Wote wawili walisimama.

"Karatasi nzito nzito hivi? Mimi ningejuaje kama ina maana. Nimetandika kabati la vyombo."

Waliviondoa vyombo kimoja kimoja, kwa woga, kama ndani ya sahani mlikuwa na mtoto amelala. Chini ya sahani za kila siku ilikuwapo. Ilikuwa na alama za duara za sahani na doa la mafuta pembeni, lakini ilisomeka. Elfu nne imekatwa, elfu kumi na moja juu yake. Samaki, amekatwa. Saladi, imekatwa. Mwandiko wa mwenye mgahawa, ule uliolalia kushoto, kwa wino mwekundu kila mahali. Na chini kabisa: "Sawa, chapa", na sahihi yake yenye mkia mrefu.

Mchapaji alicheka. Alikaa sakafuni akacheka mpaka akakohoa. Mke wake hakucheka. Alikuwa ameuona mstari uliokuwa kando ya sahihi, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa kukimbia anaotumia kuandika oda za wateja.

*Maji ya chupa pia. 3,000.*

Kicheko cha mume kilikata. Siku ile, mwaka jana, aliuona mstari huo, akamtania mkewe: siku hizi umekuwa mkurugenzi. Kisha akachapa, na wote wawili wakasahau.

"Ndiyo hivyo," mhudumu alisema. "Alikuwa ananisomea vyakula pale kaunta. Akaniuliza, kuna kitu tumesahau? Nikamwambia maji. Wageni wote hununua maji, hata asiyekula. Akasema andika. Akasema ziada ya maji itakuwa ya wahudumu."

"Mlipewa?" bibi aliuliza.

"Tulipewa. Mwezi wa kwanza na wa pili, basi." Alielekeza kidole karibu na mlango, ambapo Kasuku alikuwa amekaa akisikiliza. "Viatu vya shule vya Kasuku."

Watu wazima wote watatu walivitazama vile viatu vyeusi, vilivyopigwa dawa vizuri, vimepangwa sambamba. Kwa mara ya kwanza mhudumu alimkumbuka yule mama mtalii, jinsi alivyoitazama mikono yake, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kwa siku mbili alikuwa amemwogopa bosi, amewaogopa watu wa simu, ameiogopa jela. Sasa alijiona na yeye amesimama miongoni mwa watu wa kuogopwa.

"Tutaikata," mchapaji alisema.

Aliibeba ile karatasi hadi chumba cha mbele, akailaza kwenye mashine ya kukatia, chini ya kisu. Alijua kukata. Angekata mahali ambapo hakuna jicho lingejua kwamba palikuwa na kitu. Aliisogeza mbele, akaisogeza nyuma, akaigeuza upande. Mke alisimama mlangoni akitazama mgongo wake.

Mwenye mgahawa hakuwa ameachiwa nafasi ya kusaini. Aliibana "Sawa, chapa" yake upande wa kulia, kwenye mstari uleule, na mkia wa sahihi ulirudi kushoto ukapita katikati ya neno "chupa". Ukikata mwandiko wa mke, unakata sahihi ya bosi. Ukiacha sahihi, mke anabaki.

Mchapaji aliinua mpini wa kisu, akaushusha polepole bila kukata.

"Kwa hiyo ni hii nzima," bibi alisema nyuma yao, "au ile ya kwenye mkoba. Katikati hakuna kitu."

*

Asubuhi Kasuku alitoka chumbani amevaa sare ya shule na ndala.

"Viatu viko wapi?" mama yake aliuliza.

"Sivitaki."

"Kwa nini?"

"Si ni vya wizi?"

Mhudumu alipiga magoti sakafuni, akamvalisha mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili, akafunga kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ni vya kwako," alisema. "Kama kuna wizi, ni wa kwangu. Nenda shule." Mtoto aliondoka akikanyaga kwa tahadhari, kama njia nzima imemwagwa miiba.

Ofisi ya biashara ilikuwa na benchi refu ukumbini, na mwenye mgahawa alikuwa ameshaingia. Walimsikia ndani akicheka na mtu. Mhudumu aliukumbatia mkoba kifuani. Ndani yake zilikuwamo karatasi zote mbili, na alijua kwamba bado anaweza kuitoa yoyote. Mume wake pia alijua. Alimgusa kiwiko.

Afisa alikuwa mwanamke mwenye kikohozi na mafaili mengi kuliko meza yake. Mwenye mgahawa alikuwa ameketi pembeni, mguu juu ya mguu.

"Nimekwisha mweleza afisa," alisema kwa upole. "Sina kinyongo nao. Wasaini tu yaishe."

"Mmesikia," afisa alisema. "Mnakubali au mnakataa?"

Mhudumu alifungua mkoba. Mkono wake uligusa karatasi nyembamba, ukaipita, ukatoa ile nzito yenye doa la mafuta. Aliiweka mezani.

Afisa aliisoma kutoka juu hadi chini, bila haraka. Mwenye mgahawa alishusha mguu.

"Huyu ni mchapaji," alisema. "Anaweza kuchapa chochote, hata mwandiko wangu. Amekaa jana akaitengeneza hiyo."

"Hii ni kalamu, bwana. Si mashine." Afisa aliigeuza kwenye mwanga. "Lakini kweli, hata kalamu mtu anaweza kuiga. Hii ya bluu ni ya nani?"

"Yangu," mhudumu alisema.

"Umesikia?" mwenye mgahawa alidakia. "Amekiri mwenyewe."

Afisa hakumjibu. Alisukuma karatasi tupu na kalamu. "Kama kweli ni yako, na karatasi hii ni ya kweli, andika hapo. Maneno hayo hayo."

Mhudumu aliinama. Vidole havikumtii. Herufi zilitoka kubwa, zimekakamaa, moja moja, kama za mtu anayejifunza kuandika. Afisa aliziweka karibu na zile za zamani na hazikufanana hata kidogo.

"Mnaona?" mwenye mgahawa alisema. "Hata huo ni uongo."

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, na mhudumu aliona wazi jinsi itakavyokuwa: karatasi ile itaitwa ya bandia, wataongezewa na kosa la kughushi, na Kasuku atakuja kuwaona mahali fulani penye nondo akiwa na ndala. Alikuwa na njia moja tu ya kuaminika, nayo ilikuwa kuthibitisha kosa lake mwenyewe.

"Naomba niandike nimesimama," alisema.

"Kwa nini?"

"Mimi huwa naandika nimesimama."

Afisa alimtazama, akamkabidhi karatasi. Mhudumu alisimama. Aliikunja mara mbili ikatosha kwenye kiganja cha kushoto, akaegemeza uzito kwenye mguu wa kulia kama anavyofanya kwa muda wa saa nane kila siku. Alimtazama afisa usoni kama anavyomtazama mteja, wala hakuutazama mkono. Mkono ulikimbia. *Maji ya chupa pia. 3,000.*

Afisa alizilinganisha. "Maji" kwa "maji". Ile p yenye shingo ndefu. Nukta iliyosahauliwa juu ya i.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Unaelewa kwamba hili nalo nitaliandika? Na wewe, bwana mchapaji, na namba yako?"

"Naelewa." Mume wake aliitikia kwa kichwa kwamba naye ameelewa.

Afisa alichukua kalamu nyekundu kutoka kwenye kikopo chake, akaivua kifuniko, akaiweka na karatasi tupu mbele ya mwenye mgahawa. "Na wewe. 'Sawa, chapa.' Na sahihi."

Mwenye mgahawa aliitazama kalamu ile kwa muda. Akapapasa suruali, akapapasa meza. "Bahati mbaya," alisema, "miwani nimeisahau nyumbani. Bila miwani sioni kitu."

Miaka sita mhudumu alikuwa ameona mengi pale mgahawani na hakuyasema. Sasa aliinama kidogo, kwa heshima ileile na sauti ileile aliyotumia kumwonyesha mteja kiti chake.

"Iko kwenye mfuko wa shati, bosi," alisema.